Nilikopa mtandaoni, sasa wameandikia HR nikatwe mshahara. Wanaweza bila mahakama? Niko Illinois

Mla_Mihogo (Jumanne, saa 4 usiku)

Wakuu habari za usiku. Niko huku Moline, Illinois, mwaka wa tatu sasa, napiga kazi kiwanda cha nyama zamu ya usiku. Naombeni mwenye uelewa anisaidie fasta maana kichwa kimevurugika na Ijumaa ndio siku ya mshahara.

Iko hivi. Mwaka jana mwezi wa tisa gari lilinifia, gia boksi, fundi akataka dola 900 na mimi mfukoni nina 300. Na mnajua huku bila gari huna kazi, hasa sisi wa zamu ya usiku, basi hakuna na lifti ukiomba mara mbili ya tatu mtu hapokei simu. Nikaingia kwenye simu nikaona tangazo, dola 600 ndani ya dakika kumi, hawaangalii historia yako ya mikopo. Nikajaza, nikabonyeza nakubali, nakubali, nakubali, ukurasa ulikuwa mrefu kama Zaburi ya 119, nani anasoma? Kesho yake asubuhi hela imo kwenye akaunti, nikamshukuru Mungu kabisa yaani.

Rejesho ni 165 kila baada ya wiki mbili, wanachukua wenyewe benki. Mimi akilini mwangu nilijua ni mara nne au tano tumemalizana. Nimelipa mara 8. Piga hesabu, 1,320. Nikaingia kuangalia salio nikakuta bado nadaiwa 430 na ushee. Nikadhani sijui kusoma, nikamwita jamaa ninayekaa naye asome yeye, naye akasoma hivyo hivyo. Kurudi kwenye mkataba, kule chini kabisa kwenye maandishi ya sisimizi, riba ni asilimia 680 kwa mwaka. 680 wakuu. Nikaenda benki nikafunga akaunti nikahamia kwingine.

Hapo ndio simu zikaanza. Mara wananiita kwa "namba ya kesi", mara polisi wa kaunti watakuja kunichukua kazini. Nikazoea, nikawa sipokei. Sasa leo HR kaniita. Kuna karatasi tatu zimekuja kwa faksi, juu imeandikwa kwa herufi kubwa WAGE ASSIGNMENT, ina picha ya tai kama barua za serikali, inasema kampuni inikate asilimia 25 ya mshahara kila wiki mpaka zitimie 1,140. Chini kabisa kuna jina langu limechapwa na kompyuta kwa yale maandishi ya kulala lala yanayojifanya mwandiko wa mkono, eti ndio saini yangu. Mama wa HR sio mtu mbaya, ila kaniambia yeye anafuata karatasi, kama nina pingamizi nimletee kwa maandishi kabla ya Alhamisi mchana.

Nalipwa 19 kwa saa, kwa wiki 760 kabla ya kodi. Wakitoa robo ni 190, hapo pango sitoboi na bi mkubwa Kigoma naye anasubiri.

Wanaweza kweli kunikata bila hata hakimu kusikia? Na hiyo ya polisi je? Nina wasiwasi na makaratasi yangu ya ukaazi pia. Nimewaza hadi kuacha kazi nihamie kwa binamu Kentucky nianze upya. Nawasilisha.

---

Kamanda_Columbus

Mkuu pole, ila dawa ya deni kulipa. Ulibonyeza nakubali mara tatu mwenyewe, hukushikiwa bunduki. Ongea nao mpange marejesho madogo madogo. Ukikimbia Kentucky wanakufuata na Kentucky, namba yako ya sosho, ile ya hifadhi ya jamii, wanayo.

---

Dada_wa_Mishahara

Mla_Mihogo usiache kazi na usihame, na usiwapigie simu usiku huu. Soma hii taratibu.

Mimi nakaa ofisi ya mishahara, mwaka wa sita huu, kampuni ya maghala upande wa kusini wa Chicago. Karatasi za namna hiyo zinakuja mezani kwangu, tena mara nyingi Jumanne na Jumatano, wanajua wiki ya mshahara. Kuna vitu viwili watu wanavichanganya na hao wakopeshaji wanapenda sana vichanganywe.

Cha kwanza ni kukatwa mshahara kwa amri ya mahakama. Hapo mdai amekushtaki, umepelekewa wito, kesi imesikilizwa au hukutokea, hakimu akatoa hukumu, ndipo mwajiri akaletewa amri. Hiyo ikija sina ujanja, nakata. Cha pili ndio hicho cha kwako, hati uliyoisaini siku ya kukopa inayosema "nikishindwa kulipa, chukueni kwa mwajiri wangu". Hakuna hakimu hapo. Ni karatasi kati yako na mkopeshaji, basi.

Na hiyo ya pili ina dawa. FTC, ile tume ya biashara ya shirikisho, ina kanuni tangu 1985 inayowakataza wakopeshaji kuchukua hati ya hivyo kwa mtu wa kawaida, isipokuwa kama hati yenyewe inasema mdaiwa anaweza kuifuta wakati wowote akitaka. Wakati wowote, hata leo usiku. Kuna mwanya wa makato uliyoyaanzisha mwenyewe kazini tangu siku ya kukopa, kama yale ya chama cha akiba na mikopo, ila wewe huko haumo. Kwa hiyo moja kati ya mawili, ama hati yako inafutika ukiifuta, ama haifutiki na basi ni haramu tangu mwanzo. Njia zote mbili zinaishia kwako kubaki na hela yako.

Tena Illinois tuna sheria yetu wenyewe juu ya hizi hati na ni kali. Hati inatakiwa iwe karatasi ya peke yake, sio imefichwa katikati ya mkataba, na nakala upewe siku hiyo hiyo. Mkopeshaji hawezi kumwendea mwajiri mpaka uwe umechelewa zaidi ya siku 40, NA awe amekutumia wewe notisi kwa barua ya rejista angalau siku 20 kabla. Je ulipata barua ya rejista? Sio imeili, sio meseji, barua ambayo mtu wa posta anakusainisha mlangoni.

Halafu hiyo asilimia 25 wameitoa wapi? Kwa hati hizi Illinois mwisho ni asilimia 15 ya mshahara kabla ya kodi, na bado kuna kizingiti, wanaweza kugusa tu kinachozidi mara 45 ya kima cha chini cha saa. Kima cha chini Illinois tangu Januari 2025 ni dola 15, mara 45 ni 675. Wewe kwa 760 ukishatoa kodi unabaki na 640 hivi, uko chini ya 675. Maana yake hata wangefuata kila hatua kama malaika, wasingepata senti kwako.

Fanya hivi kesho ukitoka zamu kabla hujalala. Andika barua ya mistari minne mitano. Tarehe, jina lako, namba ya mkopo. Sema unafuta hati yoyote ya kukabidhi mshahara uliyowahi kuwapa, kuanzia leo, neno lenyewe la Kiingereza ni revoke, liandike hilo hilo usitafute lingine. Sema hukupata notisi ya rejista. Saini kwa peni. Nakala ya kwanza peleka posta, mwambie mhudumu certified mail na risiti ya kurudi, atakupa kikadi cha kijani ujaze. Nakala ya pili mpe HR mkononi, mwombe agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Piga picha kila kitu.

Wala usimweleze HR habari ya gari na gia boksi, hana haja nayo. Akinijia mtu na karatasi iliyosainiwa inayosema hati imefutwa, na upande wa pili nina faksi yenye tai lakini haina muhuri wa karani wa mahakama wala namba ya kesi, mimi nasimamisha makato na kumwandikia mkopeshaji alete amri ya mahakama. Faili langu lina barua za hivyo tele, na sijaona aliyerudi na amri.

---

Mla_Mihogo

Dada Mungu akubariki sana. Barua ya rejista sijapata, naapa. Sanduku la barua nalifungua mimi, ni matangazo ya piza tu. Ngoja niandike.

Swali, hiyo tai je? Si ni alama ya serikali?

---

Dada_wa_Mishahara

Ni mkwara. Serikali kuu ina ruhusa ya kukata mshahara bila kwenda mahakamani kwa madeni yake yenyewe, mfano kodi na mikopo ya wanafunzi, na ina fomu zake tunazozijua. Hawa jamaa wanaiga sura ya zile fomu ili karani mgeni ashtuke akate. Mwaka 2011 FTC iliishtaki kampuni moja ya mikopo ya South Dakota kwa mchezo huo huo, walikuwa wanawatumia waajiri makaratasi yaliyofanana na ya serikali na kusema wana haki ya kukata bila mahakama. Mwisho wakakubali kulipa na kuacha. Wengine wameendelea maana wanajua hapakosi karani atakayekata bila kuuliza, na mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa karani huyo. Nilimkata mama mmoja wa Guatemala wiki tatu mpaka bosi akaniuliza amri ya mahakama iko wapi. Alirudishiwa, ila sijasahau uso wake.

---

Baba_Furaha_Iowa

Jambo bandugu. Mi niko Des Moines, Iowa, mutu wa Uvira. Ile mambo ilinifikia na mimi mu 2019. Balinikopesha dola 400 ya kulipa caution ya nyumba, minalipa, minalipa, haiishe, ni kama kujaza maji mu kitunga. Bakapiga simu ku kazi kila siku mpaka bosi akaanza kuniangalia mubaya.

Minataka kukuonya juu ya konti. Mi pia nilifunga, lakini nilifunga ikiwa na minus dola 200 na kitu juu ile watu balikuwa banavuta makuta kila siku na benki inaongeza amende juu. Kisha nikaenda benki ingine, banakataa. Ingine, banakataa. Kumbe mabenki iko na liste yao, jina yangu iko ndani. Nilikuwa nachukua sheki ya kazi nayipeleka ku duka ya kuvunja sheki, banakata yao, miaka na miaka. Ndugu yangu uangalie kama ile konti ya zamani uliifunga ikiwa zero.

---

Mla_Mihogo

Baba Furaha asante, niliifunga ina dola 11 wakanipa mkononi. Hapo nimenusurika bila kujua.

---

Dada_wa_Mishahara

Alichosema Baba Furaha wengine mkisikie. Kufunga akaunti ni njia ya mwisho. Una haki ya kuiambia benki izuie mkopeshaji asichukue, unawaambia siku 3 za kazi kabla ya tarehe ya kukatwa, kwa mdomo au maandishi, wakitaka maandishi unawapelekea ndani ya siku 14. Na ukiona wamechukua bila ruhusa, una siku 60 tangu benki ikutumie taarifa ya akaunti kulalamika. Watu hawaulizi kwa sababu wanaogopa Kiingereza cha dirishani. Jamani ombeni mkalimani.

---

Kamanda_Columbus

Sasa hapa naona mnamfundisha mtu kudhulumu. Kafuta karatasi, kafunga akaunti, hapokei simu. Deni liko pale pale. Nyumbani mwalimu anakopa benki, makato yanapitia kwa mwajiri, analipa miaka sita kimya kimya na wala hafuti chochote. Kwa nini tukifika huku tunakuwa wajanja?

---

Mama_Tunu

Kamanda baba tusikilizane. Mimi nilikuwa mwalimu Morogoro kabla ya kuja huku, hayo makato nayajua kuliko wewe. Mwalimu benki inamkata ndio, lakini lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara, na riba haiwi 680. Huyu anafanana na wale wa kausha damu, wale wanaochukua kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, mshahara ukiingia wao ndio wanafika kwanza kwenye mashine, wewe unaachiwa nauli. Nilikuwa na mwenzangu shuleni tarehe za mwisho wa mwezi anakwenda kumsubiri mkopeshaji nje ya benki ili apewe kadi yake ashike tu, aione, halafu inarudi mfukoni kwa jamaa. Mwalimu mzima na chaki mkononi. Hiyo karatasi ya Moline ni kadi ya ATM ile ile, imevalishwa suti.

Na kulipa alishalipa. Alichukua 600 karudisha 1,320.

---

Dada_wa_Mishahara

Kamanda nakuelewa, hata mimi nimelelewa kuwa deni ni deni. Ila angalia sheria inavyosema, sio mimi. Illinois tangu tarehe 23 Machi 2021 riba ya mikopo hii mwisho ni asilimia 36 kwa mwaka, gharama zote ndani. Mkopo uliozidi hapo sheria inauita batili, na mkopeshaji hana haki ya kudai hata ule mtaji. Sio riba tu, na mtaji. Kwa hiyo nani anamdhulumu nani hapo? Kwa asilimia 36 ile 600 ingemgharimu dola 60 na kitu kwa miezi sita. Keshalipa 720 juu ya mtaji.

Mla_Mihogo hilo liongeze kwenye barua, mstari mmoja, mkopo unazidi asilimia 36 ya Illinois. Watakujibu kwamba wao wako kwenye ardhi ya kabila fulani la Wahindi Wekundu au wamesajiliwa visiwani huko na sheria ya Illinois haiwahusu. Usibishane nao. Peleka malalamiko idara ya fedha ya jimbo, IDFPR, na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, fomu ziko mtandaoni. Na kaunti yenu ya Rock Island inahudumiwa na Prairie State Legal Services, wanasheria wa bure kwa wenye kipato kidogo, piga uombe mkalimani wa Kiswahili.

Polisi sahau kabisa. Deni la mkopo ni jambo la madai, sio jinai, hakuna askari wa kaunti atakayekuja kukuchukua kiwandani kwa dola 1,140. Ya ukaazi mwulize huyo huyo mwanasheria akutoe wasiwasi, mimi sio fani yangu.

ILA, na hili nimeliandika kwa herufi kubwa makusudi: ukiletewa wito wa KWELI wa mahakama usiutupe. Wa kweli una jina la kaunti, namba ya kesi na tarehe, na ukipiga simu kwa karani wa mahakama ya kaunti anaiona hiyo namba kwenye mfumo. Namba ya simu ya karani itafute mwenyewe, usitumie iliyoandikwa kwenye barua. Usipotokea, hakimu anatoa hukumu kwa upande mmoja na hapo ndio inakuja ile karatasi ya kwanza niliyosema, ambayo mimi na mama wako wa HR tunakata kweli.

---

Mangi_Houston

Huku Texas mambo tofauti kidogo, naweka kwa faida ya wengine. Katiba ya jimbo inakataza mshahara kukatwa kwa madeni ya kawaida ya hivi, hata mdai akishinda kesi. Matunzo ya mtoto ndio wanakata, na serikali kuu kwa madeni yake. Kwa hiyo wakopeshaji wa huku mchezo wao ni mwingine, wanakuandikisha cheki ya tarehe ya mbele halafu ukishindwa wanakutisha kuwa umetoa cheki hewa utashtakiwa kwa wizi. Nilitishwa hivyo 2022 kwa dola 350, nikalipa kwa woga, mke wangu hajui mpaka leo.

Riba hapa jimbo halijaweka kikomo cha maana, kila kona ya barabara kuna duka la mikopo lenye taa za njano. Dola 15 kwa kila 100 kwa wiki mbili inaonekana ndogo eh? Kwa mwaka ni asilimia 391.

---

Mla_Mihogo (Jumatano, saa 5 asubuhi)

Wakuu nimetoka. Sijalala bado.

Barua nimeandika mara mbili maana ya kwanza mkono ulikuwa unatetemeka nikaandika tarehe ya mwaka jana. Posta kulikuwa na foleni, mhudumu kanisaidia kujaza kikadi cha kijani. Kisha nikarudi kiwandani na nguo zile zile za kazi zinanuka damu, nikagonga kwa HR. Akaisoma, akanyamaza, akaisoma tena, akaitoa ile faksi akaziweka sambamba mezani. Akaniuliza wewe hii ulisaini wapi? Nikamwambia kwenye simu, kwa kidole. Akaniuliza ulipewa nakala? Hapana. Notisi ya posta? Hapana. Akachukua simu akampigia mtu wa makao makuu, wakaongea kama dakika tano, mimi nimesimama naangalia saa ukutani. Alivyokata simu akagonga muhuri kwenye nakala yangu akasema hatukati kitu mpaka walete karatasi ya mahakama.

Nikatoka nje nikakaa kwenye gari, lile lile la gia boksi, nikacheka peke yangu kama chizi.

---

Mama_Tunu

Alhamdulillah!! Sasa mwanangu kalale. Ukiamka ujiunge na chama cha akiba na mikopo, huku wanaita credit union. Vile vya shirikisho vina mkopo mdogo uliotengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe, kuanzia dola 200 mpaka 1,000, riba mwisho asilimia 28, ada ya maombi haizidi 20, unalipa mpaka miezi sita. Sio vyote vinatoa, uliza kabla hujajiunga, na vingi vinataka uwe mwanachama angalau mwezi mmoja. Ndio maana nasema jiunge sasa wakati gari linatembea, sio siku likifa. Na sisi huku Minnesota kina mama tuna mchezo, watu 10 dola 100 kila mwezi, hakuna riba ila kuna maneno ukichelewa, na maneno ya kina mama yanauma kuliko riba.

---

Kamanda_Columbus

Haya, hiyo ya mtaji nayo kuwa batili nilikuwa siijui. Nimeenda kuiangalia kwenye sheria ya Illinois, iko. Nafuta niliyosema kuhusu dhuluma. Ila la kusoma mkataba kabla ya kubonyeza sifuti.

---

Mla_Mihogo

Hilo usifute mkuu, liache hapo hapo.

---

Baba_Furaha_Iowa

Bandugu mi nilikuwa nauliza, kama mimi nilishalipaka yote mu 2020, naweza kurudishiwa? Niko Iowa lakini.

---

Dada_wa_Mishahara

Baba Furaha sheria ya 2021 ni ya Illinois na haikukuti. Iowa ina msaada wake wa kisheria, Iowa Legal Aid, wapigie uwaeleze, hawatozi kuuliza. Tafuta na makaratasi yako yote hata ya benki ya zamani.

---

Mla_Mihogo (Ijumaa)

Slipu imetoka. Saa 40, 760, kodi zao, mengine yote kama kawaida. Ule mstari wa makato mengine upo, mbele yake pana sifuri sifuri. Nimeikunja nimeiweka kwenye pochi kama picha ya mtoto. Bi mkubwa nimemtumia leo leo.

Simu wamepiga mara sita tangu asubuhi.

---

Dada_wa_Mishahara

Wataendelea wiki mbili tatu, kisha watauza deni kwa wakusanya madeni na hao nao watapiga. Wakusanya madeni wana sheria yao ya 1977, hawaruhusiwi kukutishia jela wala kukupigia kazini ukishawaambia mwajiri wako hataki. Waandikie vile vile kwa posta. Kila simu andika tarehe, saa, na alichosema, kwenye daftari. Malalamiko yenye tarehe yanashika, ya "walinitukana sana" hayafiki popote.

Ule mkutano na Prairie State umepata?

---

Mla_Mihogo

Nimepata, wiki ijayo Jumatano, kwa simu, na mkalimani. Wamesema niandae mkataba na taarifa za benki za miezi yote niliyolipa, wanataka kuona kama naweza kudai ile 1,320 irudi. Sijaweka matumaini, ila daftari nimeshanunua.

---

Mla_Mihogo (wiki moja baadaye)

Kwa mliouliza inbox: green card imerudi leo, imesainiwa na mtu wao, tarehe inasomeka vizuri kabisa. Ya posta hiyo. Ile nyingine bado tunasubiri.

---

Mangi_Houston

😂😂😂 Mkuu umenishtua, nilishaanza kutafuta mbuzi.